Mitamba wa Verlyn Brekke

Siku kiwanda cha jibini kilipokataa maziwa yao, Verlyn Brekke hakukubali mtu mwingine afungue koki. Dereva wa lori la maziwa alikuwa amejitolea. Alisimama nje ya chumba cha tangi, kofia mkononi, akasema, "Niachie mimi, mzee. Wewe nenda ndani ukanywe kahawa." Verlyn akamwambia aende zake nyumbani. Akaburuta mpira hadi ukingoni mwa shimo la samadi, akafungua, akasimama papo hapo na mabuti yake mpaka tangi likaisha.

Mkewe, Ardis, alimtazama kutoka dirisha la jikoni. Ilikuwa Aprili, theluji bado imeng'ang'ania kwenye kivuli cha maghala, na maziwa yale yalitoka kwa kishindo, yakatumbukia kwenye samadi, yakageuka kahawia. Miaka yote ya ndoa yao hajawahi kumwona mumewe akimwaga maziwa hata nusu kikombe. Yaliyobaki kwenye glasi ya mtoto yalikuwa ya paka. Yaliyochacha yalikuwa ya kuku.

"Wamesema mpaka lini?" alimuuliza alipoingia.

"Hawajasema."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani anajua habari za korona, Mama? Jioni wanakamuliwa kama kawaida."

Ndivyo ilivyokuwa. Shule zilikuwa zimefungwa, mikahawa imefungwa. Huko mijini watu waligombania maziwa madukani, lakini maziwa yaliyozoea kwenda shuleni na mikahawani hayakuwa na pa kwenda. Kaunti nzima ya Tamarack, huko Wisconsin, watu walikamua asubuhi, wakamwaga, wakakamua tena jioni. Kiwanda kikipokea leo, kesho kinakataa. Na yale kiliyopokea kiliyalipa bei ya kutupa.

Mwishoni mwa Mei zikaja habari kwamba serikali itatoa hela ya kuwafidia wakulima. Ardis alizisikia kwa mara ya kwanza nje ya duka la Lyle Kuehn, muuza vyakula vya mifugo. Zamani watu walikunywa kahawa ndani kwa Lyle, magoti yakigusana. Sasa walisimama kila mtu kwenye pikapu yake, wakipigiana kelele kama viziwi.

Jirani yao Harlan Sobotta, ambaye ng'ombe wake walikula ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeanza. "Verlyn! Umeshapiga simu ofisi ya kilimo?"

"Nipige niseme nini?"

"Useme una ng'ombe na una shida. Basi. Yule Rhonda anakujazia kila kitu, wewe unatia saini tu."

"Shida ninayo," Verlyn akasema. "Bakuli la kuombea ndilo sina."

Watu wakacheka. Harlan naye akacheka, akalipigapiga tumbo lake. "Nitakuazima langu likishajaa, bwana mkubwa."

"Likijaa hilo tutahitaji winchi kukuinua wewe."

Ardis alicheka na wenzake. Lakini yeye ndiye aliyeshika daftari la madeni ya nyumba ile. Alijua kwamba Lyle, aliyesimama pale mlangoni akitabasamu, alikuwa akiwapa chakula cha ng'ombe kwa mkopo tangu baridi ilipoanza, na daktari wa mifugo naye alikuwa akisubiri, na wote wawili walikuwa watu wazuri mno kudai mbele za watu.

Ila alijua pia kwamba maneno ya Verlyn hayakuwa majivuno matupu. Katika miaka ya themanini serikali ilisema nchi ina maziwa mengi kupita kiasi, ikawalipa wafugaji waache kukamua kwa miaka mitano. Baba yake Verlyn, mzee Osvald, maji yalikuwa yamemfika shingoni, akakubali. Wakaja watu na chuma cha moto. Kila ng'ombe alichomwa alama shavuni ili asije akauzwa kwa mkamuaji mwingine, kisha wote wakapakiwa kwenda kuchinjwa. Aliyewashika vichwa ng'ombe wale wakichomwa alikuwa Verlyn. Ardis alikuwa pale, kabeba binti yao Jolene kiunoni, na harufu ya manyoya yaliyoungua ilikaa kwenye nywele za mtoto hata baada ya kumwogesha. Mzee Osvald aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuingia bandani tena. Alikaa dirishani akiutazama mlango wa banda, na mtu akimsemesha anaitika tu.

Verlyn alifanya kazi kiwanda cha madirisha mpaka katazo lilipokwisha, kisha akaanza upya na ng'ombe mmoja aliyemnunua mnadani, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Akamwita Solveig, jina la bibi yake. Wote walio bora bandani sasa walikuwa wa uzao wake. Na mitamba wa mwaka ule walikuwa bora kupita wote waliowatangulia: miguu imara, migongo iliyonyooka, watulivu. Wangezaa majira ya kuchipua yajayo. Verlyn alikuwa na tabia ya kwenda kuegemea lango lao baada ya chakula cha mchana, bila kazi yoyote, kama mtu aliyekwenda kutembelea wajukuu.

Siku moja ya Juni alirudi kutoka pale langoni, akaketi, akasema, "Nitauza mitamba."

Ardis akaacha kusuuza sahani. "Wote?"

"Lyle hawezi kunibeba milele. Hasemi, lakini naona."

"Ukiwauza hao, bandani watabaki wazee. Baada ya hapo nini?"

"Baada ya hapo nami nitakuwa mzee." Akavaa kofia akatoka.

Kesho yake, Verlyn akiwa shambani anakata nyasi, Ardis alipiga simu ofisi ya kilimo ya kaunti. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa watu wa nje kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo Rhonda Zwicky alitoka na karatasi zake hadi penye gari, barakoa ya maua usoni, akazipitisha dirishani. Yeye na Ardis walikuwa wakiimba pamoja kwaya ya kanisani.

"Mke anaruhusiwa kutia saini?" Ardis aliuliza.

"Anaruhusiwa. Ila kama mume ametuandikia kukataza."

"Hajaandika."

"Najua hajaandika. Mimi nauliza kama amekubali."

Ardis aliziweka karatasi juu ya usukani. "Anataka kuuza mitamba wake, Rhonda."

Rhonda akampa kalamu.

Hela ilipoingia, Ardis alimlipa Lyle, akamlipa daktari wa mifugo, akaenda nyumbani akamwambia mumewe kwamba Lyle amekubali kusubiri mpaka bei ya maziwa ipande. Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa maana tangu aolewe, na ulimtoka kwa wepesi uliomshangaza. Verlyn alishusha pumzi. Mitamba walibaki. Mchana ule alikaa langoni kwao muda mrefu kuliko kawaida, na jioni Ardis alimsikia akipiga mluzi bandani, jambo ambalo hakulisikia tangu Machi.

Alikusudia kumwambia. Alijiambia, acha nyasi ziishe kukatwa. Zikaisha. Akajiambia, acha apumzike kidogo. Kila siku iliyopita bila neno ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Mwisho wa Julai walikwenda kwa Lyle kuchukua chumvi na pumba. Ardis alibaki ndani ya pikapu, dirisha wazi kwa joto. Harlan alikuwepo na wanaume wengine wawili watatu. Lyle mwenyewe alitoka akiwa amebeba gunia begani, akalitupa nyuma ya pikapu, akafuta jasho.

"Verlyn, nilikuwa sijakuona nikushukuru," alisema. "Ile hela yako ilinikuta nimekabwa koo, nakwambia kweli. Laiti wote wangefanya kama wewe! Wengine wamepata ya serikali, wamekwenda kununua trekta jipya, mimi wananisahau."

Ardis aliweka mkono kwenye kishikio cha mlango wa pikapu.

"Ngoja, ngoja, ngoja," Harlan akadakia, akishuka kwenye gari lake. "Hela gani? Ya serikali? Si huyu ndiye bwana Bakuli-Sina?"

"Ndiye huyo," mwingine akasema.

"Kumbe unakula usiku jikoni kama paka! Sisi tunasimangwa hapa mchana kweupe, mwenzetu kashiba!" Harlan alikuwa akicheka mpaka kofia inamwanguka. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Ndivyo walivyotaniana tangu shule ya msingi. "Haya, sema, bakuli uliliazima kwa nani?"

Verlyn naye alicheka. Hicho ndicho kilichomuumiza Ardis kuliko chochote, maana kilikuwa kicheko cha mdomoni tu, cha mtu aliyepigwa kofi mbele za wageni. Akapakia magunia yaliyobaki, moja moja, akayapanga vizuri, akaingia akawasha gari.

Walipita kanisa, wakapita daraja.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Ardis akasema. "Nilitaka kukwambia."

"Ulitia saini jina langu."

"Nilitia langu. Wanaruhusu. Verlyn, ungewauza mitamba."

Verlyn alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayeendesha kwenye barafu, na ilikuwa kiangazi. "Wale ng'ombe wa baba niliwashika vichwa," alisema. "Walikuwa wananiamini, ndiyo maana walitulia. Sikuwahi kujua walijisikiaje, mpaka leo."

Usiku ule alihamia chumba cha Jolene cha zamani, huko juu.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Walikamua asubuhi na jioni, bega kwa bega kama siku zote, na ukimya ulikuwa mzito hata ng'ombe walionekana kuusikia. Neno lililopita kati yao lilikuwa la kazi. "Namba tisini na mbili ana titi gumu." "Nimeona." "Sogea." Na "sogea" lilikuwa la ng'ombe. Jolene alipopiga simu kutoka Minneapolis kila Jumapili, akauliza, "Baba yuko?" Ardis alijibu yuko nje, hata kama alikuwa ameketi pale pale anasoma gazeti.

Septemba serikali ikatangaza awamu ya pili. Safari hii Ardis alingoja mumewe amalize supu.

"Wanatoa tena," alisema. "Nakwambia kabla. Sitatia saini bila neno lako."

Verlyn aliweka kijiko chini. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na Ardis aliona jinsi alivyokonda.

"Basi usitie."

"Na chakula cha baridi hii? Lyle ameshaanza kutuandikia deni tena."

"Nitauza mitamba."

Maneno yalimjaa Ardis kinywani. Angeweza kumwambia kwamba hela ile haikuwa kama ile ya zamani, kwamba hakuna aliyeambiwa aache kukamua, kwamba Harlan na wengine wote wanachukua na jua linachomoza kama kawaida. Angeweza pia kunyamaza, akaenda kwa Rhonda siku yoyote aliyotaka. Lakini alimtaka mumewe arudi chini kutoka kile chumba cha juu. Akasema, "Sawa. Mitamba ni wako." Na kweli hakwenda.

Wakauzwa mwisho wa Oktoba. Verlyn aliwapiga brashi mmoja mmoja tangu alfajiri, akawapakia mwenyewe kwa kamba, bila fimbo, akiwasemesha taratibu. Ardis alifunga mlango wa tela. Mvua baridi ilikuwa ikinyesha. "Niende nawe?" aliuliza.

"Nani atakamua?"

Alirudi giza likiingia, na alikuwa mtu mwingine. Alivua koti akalitundika, akanusa hewa. "Umepika ile ya viazi na nyama?" Kisha akaketi akaanza kusimulia, kama mtu aliyefunguliwa kufuli. Mnadani watu walikuwa wamejaa kwa sababu ya mvua, wamebanana kwenye mabenchi, hakuna aliyeziba uso, wanapigana mabega na kuangua vicheko. "Kama zamani, Mama. Sikujua nilivyokuwa nimewakosa watu." Mitamba walikuwa wamenunuliwa wote pamoja na mume na mke vijana wanaoanza ufugaji. Bei haikuwa ya kujisifia. Lakini yule binti alimfuata baadaye, akamwomba amtajie majina yao, na yeye akamtajia, na binti akayarudia mpaka akayashika.

"Ni watu wazuri?" Ardis aliuliza.

"Ni watoto. Watajifunza."

Alikula sahani mbili. Alipoinuka kupeleka sahani kwenye sinki, alipita nyuma ya kiti cha Ardis, akaweka mkono begani kwake. Ulikaa pale kidogo tu. Kisha akapanda juu kulala, lakini mlango hakuufunga, na Ardis alilala chini akimsikia akikoroma, amefurahi kama msichana aliyeletewa barua ya posa.

Siku chache baadaye Verlyn akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi la mahindi. Alikamua na homa, akiegemea ng'ombe, mpaka asubuhi moja Ardis alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi. Harlan alikuja kushika kazi. Ardis akampakia mumewe kwenye pikapu, akaendesha hadi hospitali ya Eau Claire kwa kasi ambayo hajawahi kuendesha.

Mlangoni walipokelewa na muuguzi aliyefunikwa mwili mzima, na kiti cha magurudumu. "Mama, wewe unaishia hapa," alisema. "Samahani sana."

"Mimi ni mkewe."

"Najua, mama."

Verlyn aliketi kwenye kiti na mabuti yake ya bandani. Aligeuza shingo. "Kamua mapema," alimwambia. "Theluji inakuja." Milango ikajifungua yenyewe, ikajifunga.

Siku kadhaa Ardis alipata habari zake kwa simu, kutoka kwa sauti za watu asiowajua, kila zamu mtu mwingine. Oksijeni imeongezwa. Amelala kifudifudi, inasaidia. Jolene alikuja kutoka Minneapolis akakaa chumba cha chini, mbali, barakoa usoni ndani ya nyumba ya wazazi wake. Kisha asubuhi moja simu ikalia na alikuwa Verlyn mwenyewe. Nyuma yake mashine zilikuwa zikipiga mlio.

"Wanataka kuniweka mpira kooni," alisema. Kila maneno mawili matatu alivuta pumzi. "Nitalala. Nikasema nipige kwanza."

"Umefanya vizuri. Verlyn, unasikia maumivu?"

"Tisini na mbili je?"

"Amepona. Harlan anamkamua kwa mkono. Verlyn, sikiliza. Kuhusu ile hela. Naomba unisamehe."

Mashine zikapiga mlio.

"Ungeniambia tu," Verlyn akasema.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo." Akavuta pumzi. "Lakini ungeniambia."

"Najua. Sasa najua."

"Ardis—" alisema, kisha ikasikika sauti ya mtu mwingine pale chumbani ikisema ni wakati, mzee, na simu ikachukuliwa kutoka mkononi mwake. Muuguzi alisema, kwa upole, kwamba watampigia baadaye. Walipopiga tena, haikuwa Verlyn aliyekuwa kwenye simu. Hakuamka. Alikufa Novemba ikielekea kwisha, watu wakijiandaa kwa Sikukuu ya Shukrani na bata mzinga wake, na Jolene ndiye aliyepokea simu kwa sababu mama yake alikuwa bandani anakamua.

Walimzika ardhi ikiwa imeshaanza kuganda. Mchungaji aliruhusu watu wa nyumbani tu kusimama kaburini. Wengine walibaki ndani ya magari yao, yamepangwa kando ya barabara, taa zimewashwa, moshi ukitoka nyuma, msururu mrefu ambao Ardis hakuona mwisho wake. Katikati ya sala mlango wa gari ukafunguka. Harlan Sobotta akashuka, akasimama penye uzio wa makaburi, kofia mkononi, kipara wazi kwa baridi. Mchungaji alimwona, akaendelea kusoma.

Ni Harlan huyo huyo aliyekuja kila siku kusaidia kukamua, alfajiri na jioni, mpaka Ardis akaona haya. Siku moja, katikati ya kazi, aliinamisha paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, mabega yakamtikisika.

"Mimi na mdomo wangu huu," alisema. "Siku ile kwa Lyle."

"Ulitania tu, Harlan."

"Nilitania. Miaka hamsini na kitu namtania. Ningejuaje kwamba hajui?"

"Hukujua. Mimi ndiye niliyejua."

Watu walisema ni mnadani alikopatia ugonjwa. Jolene alisema hivyo, na hasira ikamtoka juu ya wale waliokaa wamebanana bila kuziba nyuso. Lakini Harlan naye alikuwa amepita mnadani siku ile ile na hakupata hata mafua. Tena kanisani walikuwa na wagonjwa, na dukani pia. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika. Ardis hakuhitaji hakika ya mtu. Alijua kwamba kama mwezi wa Septemba angekwenda kwa Rhonda kimya kimya, mitamba wangekuwa bandani, na Verlyn asingekuwa na safari ya mnadani. Angekuwa hai, angekuwa katika kile chumba cha juu na mlango umefungwa, na angemchukia. Kuchukiwa angekuzoea. Aliwaza hivyo wakati wa kukamua, wakati wa kula, wakati wa kufua mashuka ya kitanda cha Jolene yaliyobaki na harufu ya Verlyn.

Mwanzoni mwa Desemba Rhonda akapiga simu. Alizunguka zunguka, akauliza habari za baridi, mwishowe akasema, "Ardis, sipendi kabisa kukusumbua. Lakini ile awamu ya pili inafungwa wiki hii. Nisingekwambia, nisingelala."

"Verlyn alikataa."

"Najua. Ila sasa—"

"Nitakujibu," Ardis akasema.

Alivaa koti la mumewe, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, akaendesha hadi makaburini. Theluji ilikuwa haijakanyagwa. Jiwe lilikuwa bado halijachongwa, kulikuwa na kibao kidogo tu cha watu wa mazishi. Alisimama akasema kwa sauti kwamba Lyle amewaandikia tena, kwamba bili ya hospitali imekuja na nyingine iko njiani, kwamba hawezi kuwalisha ng'ombe mpaka majira ya kuchipua bila hela ile. "Kwa hiyo nakwenda kutia saini," alisema. "Nimekuja kukwambia." Upepo ukampuliza theluji usoni. Alijisikia mjinga, mwanamke mtu mzima akiongea na kibao. Alingoja hata hivyo, kwa muda ambao ungemtosha mtu kukataa. Kisha akarudi kwenye pikapu, akaenda mjini.

Rhonda alitoka na karatasi, akazipitisha dirishani. Mahali pa jina la mwenye shamba alikuwa ameshafuta la Verlyn na kuandika la Ardis. Alimwonyesha kwa kidole pa kutia saini. Barakoa ya Rhonda ilikuwa imelowa chini ya macho. Walitaka kushikana mikono wakakumbuka hairuhusiwi.

Hela ya pili iliingia mwaka mpya ulipoanza. Lyle alilipwa, hospitali ikalipwa kiasi, ng'ombe wakala vizuri. Mwezi Machi Ardis aliwauza wote. Hakuuza kwa sababu ya deni. Mikono yake ilikuwa imekwisha, na Harlan naye alikuwa mzee, na usiku alikuwa akisikia viatu vya Harlan kwenye theluji na kusahau, kwa nukta moja, ni viatu vya nani. Wanunuzi walikuja na malori yao, wakapakia kwa heshima, wakaondoka mmoja mmoja. Harlan alikodi mashamba. Alitaja kodi iliyo juu kuliko ya wengine, na Ardis hakubishana naye.

Jolene alikuwa amekuja kusaidia. Lori la mwisho lilipokata kona, waliingia jikoni, wakaketi, kahawa ikipoa mezani.

"Njoo ukae nasi Minneapolis," Jolene akasema. "Hata kama ni mpaka kiangazi."

"Nitafikiria."

"Mama." Jolene alisogeza kikombe chake pembeni. "Usijitese. Ulifanya sawasawa."

Ardis alimtazama binti yake, ambaye alikuwa na paji la uso la Verlyn, na ile mikunjo miwili katikati ya nyusi.

"Mara ipi?" aliuliza.

Nje, theluji ilikuwa ikiyeyuka kutoka paa la banda, na maji yalikuwa yameanza kujaa kwenye alama za magurudumu. Ardis aliinuka, akamwaga kahawa iliyopoa, akateleka nyingine.